Kibali Kitoke Kisitoke, Nakuja

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya mabasi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Wifi na watoto, na kwamba huo mgongo wako umeacha vituko. Mimi sijambo. Baridi imeanza kulegea, mafua yameniachia, na kazini bado nashona viti vya mabasi, mikono imejaa gundi kama kawaida.

Usishtuke kuona barua wakati simu tunazo. Kwenye simu unanikatiza kabla sijafika hata katikati ya neno. Karatasi huwezi kuikatiza. Anayekuletea ni mwenzangu wa kazini, tunamwita Sindano, anakuja likizo. Kibali chake kiko sawa. Mpe chai, umwache apumzike, usimhoji.

Haya. Nimeshajua habari ya macho ya Mama.

Usimgombeze Wifi, yeye alithibitisha tu. Mliojichoma ni nyinyi wenyewe. Mwezi uliopita gundi ilinimwagikia kichwani nikiwa nimejilaza chini ya kiti, ikabidi nikate nywele zote, nikabaki na kipara kinachong'aa. Nilipopiga simu ya video nilijua Mama atapiga kelele. Badala yake akaniambia, "Mwanangu, misuko hiyo imekupendeza! Nani kakusuka?" Nikakusikia wewe pembeni, eti unanong'ona: "Mama! Si tulikubaliana useme kapendeza tu?" Kaka, hata uongo mnashindwa kuupanga. Nilicheka mpaka nikakata simu, kisha nikakaa kitandani nikalia.

Sasa najua kwamba jicho moja limeshaingia giza, na la pili linamwona mtu akiwa karibu kabisa tu, tena mchana. Najua atapasuliwa katikati ya mwezi ujao na daktari hakuahidi kitu. Huenda hata hicho kidogo kikapotea. Najua pia mlikaa kikao mkaamua nisiambiwe mpaka kibali changu cha kazi kitoke, kwa sababu mnanijua. Hapo hamkukosea. Lakini kikao cha kunijadili mimi, mimi nisiwepo, kimenikera mno, na aliyekiongoza ni wewe.

Nilikwenda ofisi ya vibali. Kibali changu cha muda kimeisha, ombi la kukiongeza liko kwao, na wamenipa stakabadhi ya kuniruhusu niendelee na kazi huku nangoja. Nikamuuliza karani, je, nikisafiri? Ni dada mpole, lakini hakuinua hata uso. "Kukaa, ruksa. Kufanya kazi, ruksa. Kuondoka pia ruksa. Kurudi ndiyo sina uhakika." Nikikanyaga nje, stakabadhi ile haina kazi mpakani, nitaanza kuomba upya nikiwa huko, na wanaweza kukataa. Nikamuuliza jibu litatoka lini. Akasema hata yeye angependa kujua.

Nikamwendea msimamizi wa karakana. Akasema hawezi kunishikia nafasi. Nikamwambia sikuja kuomba, nimekuja kuaga. Alinitazama kama nimemtukana, halafu akauliza nani atamaliza viti vya basi lililo kwenye zamu yangu. Nitavimaliza mwenyewe, asije akasema nilitoroka.

Tiketi nimeshakata. Nafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.

Najua utakavyofoka. Utasema nimepagawa, watu wanalilia kibali kama hicho na mimi nakichezea, na kwamba nyumba nzima inaegemea kazi hii. Ni kweli, na ninaogopa, sitakuficha. Kuna usiku naamka naisoma tena ile stakabadhi. Lakini kibali kina ofisi ya kukiomba tena. Macho ya Mama hayana. Wakinifungia nje, nitashona makochi huko huko nyumbani, nianze na lako, maana hilo la sebuleni ni aibu ya ukoo.

Kwa hiyo usinizuie. Usimtume Mjomba anipigie kwa sauti yake ya msibani, wala usimlazimishe Mama aniambie nisije. Mlishaamua kwa niaba yangu mara moja, inatosha.

Nakuomba kitu kimoja tu. Siku hiyo mtoeni Mama nje, akae uani mchana, jua likiwa limewaka, mkalisheni kwenye kiti, kisha nyinyi wote mkae kando. Kulia mtalia baadaye, na kunifokea utanifokea baadaye, nitakaa kimya nikusikilize. Mimi nitapiga magoti mbele yake, uso kwa uso. Nataka anitazame mpaka achoke mwenyewe.

Nisalimie Wifi, mwambie namshukuru kwa kutojua kutunza siri. Wasalimie watoto, na Mjomba pia, japo nimemsema. Mungu awaweke salama nyote, na amwachie Mama mwanga wake mpaka Jumamosi hiyo. Ya baada ya hapo nitapambana nayo mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyekutii,

Kitindamimba.