Sala Waliyotaka Kuirudilia

Ngoie, mjukuu wangu,

Jambo sana. Sisi huku Kamina tuko wazima. Dada yako amejifungua mvulana, na nyumba niliyojijengea kwa biashara ya samaki bado haivuji.

Unauliza kama utoke kanisani kwa sababu wamekukataza kuongoza sala, ati wewe ni mwanamke. Mimi pia walinikataza.

Wakati wa vita, wanaume walijificha porini ili askari wasiwabebeshe risasi. Ndipo mtoto wa jirani yangu, Mama Monga, akafa. Kwetu ni wazee wa kanisa tu waliosali kaburini. Walikuwa saba, siku ile nilihesabu sifuri. Joto lilikuwa kali, maiti haikuweza kungoja. Tulimzika sisi wanawake, bunduki zikilia upande wa stesheni ya gari la moshi, na mimi nikasali kwa sauti.

Wazee waliporudi, mkubwa wao akatuita.

"Sala ya mwanamke haihesabiwi. Kesho tutairudilia kaburini."

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hata leo. Lakini Mama Monga alinitangulia kusema.

"Papa, weye ulikuwa wapi?"

"Mama, hii iko sheria ya kanisa."

"Mutoto wangu Mungu alishamupokea. Ao kesho unaenda kumwambia amurudishe kwanza?"

Wazee hawakuirudilia. Ruhusa pia hawakutupa.

Kutoka ao kubaki, utaamua mwenyewe. Mimi nilibaki. Kila Jumapili nakaa benchi la mbele, pale mzee yule hawezi kukosa kuniona.

Kambo wako, bibi yako anayekupenda