Loki ya Mkono Ule Mwingine

Jumatatu, 4 Mei

Nimewasha jiko, nimebandika maji, nimekwenda shambani na bunduki begani. Kama jana, kama juzi. Baridi ya kukata masikio. Nguruwe pori walikuwa wameshaingia upande wa mtoni, sita, wanakula mahindi yangu kama walioalikwa harusini.

Nikalenga. Loki ikanigomea. Hiki kitufe cha usalama kiko nyuma ya kifyatulio, na aliyekiweka alimfikiria mtu wa kulia tu: anakisukuma kwa kidole kutoka kulia, bunduki iko tayari. Mimi natupa, nalima, nashona na nalenga kwa kushoto. Kidole changu kinakaa upande ambao hakuna cha kusukuma. Inabidi nilegeze mkono, nipitishe kidole gumba kwa chini, nipapase kama natafuta sindano kwenye pumba. Nilipoipata, nguruwe wa mwisho alikuwa anavuka mto. Aligeuka akanitazama. Naapa aligeuka.

Mistari iliyolala: kumi na mmoja. Kwa mwendo huu mwezi wa sita nitavuna mabua.

Deus, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa kwake huko juu, anacheka mpaka kofia imedondoka. "Shemeji, ulikuwa unawalenga au unawapungia?"

Nimekasirika. Siku nzima.

Jumanne, 5 Mei

Kikao cha kikundi, ndani ya stoo ya mbolea. Tuko wakulima kumi na wanne, mashamba yameungana bonde moja nje kidogo ya Kizwite. Wenye bunduki na kibali ni wawili. Mimi, na hii niliinunua kwa ulezi niliokuwa nateremsha Muze kuuza, gunia kwa gunia, sikumwomba mtu. Na Deus, mwenye gobore la baba yao, ambalo mwaka jana lilipiga mbuzi wa mwenyekiti.

Deus anataka lindo lote liwe lake. Sababu: mimi ni hatari. Yaani mtu aliyeua mbuzi ananiita mimi hatari.

Hesabu ni rahisi. Mwenye lindo ndiye anayechagua pa kusimama. Deus atasimama kwake, juu mlimani. Nguruwe wanatokea mtoni, na mtoni ni kwangu. Wakifika kwa Deus watakuwa wameshashiba, na watakuwa wameshiba mimi.

Mwenyekiti, Mzee Anatoli, ametoa uamuzi. Jumamosi, baada ya sala ya jumuiya, nionyeshe mbele ya wote. Nifungue loki, nipige ndoo, nifunge loki, bila kupapasa. Nikishindwa, lindo la Deus mpaka mavuno.

"Mama Skola, hatukukatai wewe," akasema. "Tunauogopa tu huo mkono."

Nikamwuliza mkono wangu umemfanya nini.

"Bado," akasema.

Jumatano, 6 Mei

Mjini, kwa Fundi Paskali, fundi bunduki mwenye leseni. Kibali mkononi, bunduki ndani ya mfuko wake, tupu. Nikamwambia nataka loki igeuzwe iwe ya kushoto. Akatazama mlangoni, kama nimetamka neno la baa mbele ya paroko.

"Unamaanisha ule mkono mwingine, mama."

"Kushoto."

"Huo huo mwingine."

Muungwana kupita kiasi. Lakini kazi anaijua. Kasema kwa bunduki ya aina hii inawezekana: kitufe kinatolewa, kinageuzwa, kinarudishwa, halafu inajaribiwa tupu mara nyingi kabla risasi haijaingia. Nikaona hapa nimefika. Akaanza mbele ya macho yangu.

Mkewe akaleta ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando. Nikakaribishwa, nikanawa, nikala. Sikujibana. Fundi alinitazama sana wakati nakula, nikadhani dagaa zimeanza kuwa chache, nikapunguza. Nirudi Ijumaa, kasema, anataka kuikagua vizuri.

Mtu wa kwanza wiki hii kunisikiliza.

Alhamisi, 7 Mei

Mistari minne tena. Leo nilikuwa na sufuria na mfuniko tu. Nguruwe wamezoea muziki.

Jioni mazoezi na mwiko, begani, kidole juu ya loki ya kufikirika. Naifungua kwa kidole cha shahada, laini kabisa. Paka amehama chumba.

Deus amepita uani, kauliza kama ugali umekuwa mkali kiasi hicho. Jumamosi nitamjibu.

Ijumaa, 8 Mei

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Fundi alinikabidhi bunduki imeshafungwa kwenye mfuko, yeye anawahi msibani, shati jeusi mwilini. "Iko sawa kabisa mama. Sasa itakutii." Nikashukuru. Nilishukuru!

Nyumbani nikafungua. Nikahakikisha ni tupu. Begani. Kidole. Hakuna kitu. Loki iko upande ule ule. Haijasogea hata unywele.

Nikampigia simu. Sauti ya chini, yuko matangani.

"Fundi, hukugeuza."

"Niligeuza, mama. Nilikuwa nimeshamaliza kabisa kugeuza."

"Sasa?"

"Sasa nikakuona unakula."

Sikuelewa. Akaeleza kwa upole, kama anayempa mtu habari mbaya.

"Ulikula kwa kulia, mama. Tonge baada ya tonge, hata dagaa. Nikasema huyu mama kachanganya maneno, atakuja kuumia. Kukuuliza mbele ya chakula niliona aibu. Nikairudisha."

Nikamwambia kila mtu anakula kwa kulia! Nilipokuwa mtoto bibi yangu alinipaka pilipili mkono wa kushoto, kila mlo, mpaka nikajifunza. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula tu. Sio mkono wa kulenga nguruwe. Kwa kipimo chake hakuna mtu wa kushoto Rukwa nzima.

Watu wanaimba nyuma yake.

"Ndiyo maana sijawahi kupata mteja wa namna hiyo," akasema.

Kaahidi kuja mwenyewe kesho asubuhi na vifaa. Asipokuja, mpaka mchana Deus ana lindo na mimi nina mabua. Sitakula. Sitaki kuiona mikono yangu yote miwili.

Jumamosi, 9 Mei

Alikuja. Pikipiki imemleta mpaka mlangoni pa stoo, boksi la vifaa mapajani, sala ndiyo kwanza imekwisha. Wanakikundi wote wapo. Deus kavaa koti la kanisani, mtu wa kukabidhiwa madaraka.

Fundi hakugusa bunduki. Kwanza ushahidi. "Mama, samahani, tupa jiwe." Nikaokota, nikatupa bila kufikiri. Limegonga bati la stoo, juu kidogo ya kofia ya Deus. Deus karuka, koti limenasa kwenye msumari, mfuko ukachanika.

"Ni ule mwingine kweli," akasema Fundi.

Akageuza loki juu ya meza, bunduki tupu, watu wameinama kama wanaangalia mtoto akibatizwa. Akaijaribu, akaijaribu tena, akanipa nami nikajaribu mpaka Mzee Anatoli akaanza kutazama jua.

Ndoo ikawekwa mbele ya ukingo wa udongo. Watu wote nyuma yangu, nimewahesabu mwenyewe. Risasi. Bega. Kidole kikaenda pale kinapokwenda chenyewe, loki ikasema *ta*, nikafyatua. Ndoo sasa ni chujio. Nikafunga loki. Sikupapasa popote.

Wakapiga makofi. Hata Fundi, ambaye ningekuwa yeye ningejificha.

Deus akaomba aikague. Nikaifungua, nikamwonyesha mwenyekiti ni tupu, nikampa. Akaiweka begani, bega la kulia, kidume. "Kwanza unafungua loki," akaanza kufundisha. Kidole kikasukuma hewa. Kikasukuma tena. Akachungulia kwa chini. Akaipindua kama anatafuta bei.

"Imeharibika hii."

"Haijaharibika, shemeji. Legeza mkono, pitisha kidole gumba kwa chini, upapase."

Akapapasa. Wakacheka mpaka mama mmoja kakaa chini kwenye gunia. Nimesubiri hicho kicheko tangu Jumatatu, na kilikuwa kitamu kama nilivyotegemea.

Ndipo Mzee Anatoli akanyoosha mkono. Nilivyopiga, kasema, kila mtu kaona, na lindo la gobore kila mmoja anakumbuka mbuzi. Kwa hiyo lindo ni la Mama Skola. Lote. Kila alfajiri mpaka mavuno.

Makofi tena, makubwa kuliko ya mwanzo. Nami nikapiga. Makofi hayajaisha, hesabu ikanifikia: watu kumi na watatu watalala, mmoja ataamka. Nikatafuta pa kukata rufaa. Waliokuwa wananiogopa asubuhi walikuwa wameshaanza kutawanyika, wanapiga miayo ya raha.

Jumapili, 10 Mei

Ukungu mzito. Nimesimama mtoni, miguu imelowa.

Walikuja watatu. Nilifungua loki bila kuitafuta, nikapiga ardhi mbele yao, kwenye tope. Wamerudi walikotoka, mbio. Nikafunga loki. Moshi ukakaa pale pale, hakuna upepo.

Baadaye Deus ameteremka na chupa ya chai. Koti la kanisani, limeshonwa mfukoni kwa uzi wa rangi nyingine. Kamimina kikombe, kaniwekea juu ya jiwe, akasema kesho anaweza kutembea upande wa juu wa mto na sufuria, kuwarudisha kwangu wakitaka kupitia huko. Nikasema sawa.

Tumekaa. Kengele ya misa ya kwanza imelia mjini, hakuna aliyeinuka. Ukungu umeanza kupanda, na mahindi yakaonekana mstari kwa mstari, yamesimama.

Chai ilikuwa na sukari nyingi. Nimeimaliza.