Gari la Kitaliani na Orofa ya Zainabu

Jumanne, 6 Machi 1956
Chokaa haijafika tena. Fundi Bakari amekaa barazani anatafuna tambuu yangu. Kuta za orofa ya binti yangu Zainabu zimeishia kiunoni, dari hakuna. Mume wangu, Bwana Athumani, yuko Mombasa kupokea pesa za shamba la nazi tulilouza. Anunue mbao za milango, arudi na zilizobaki tulipe boriti na mafundi. Harusi ni Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Nyumba ni yangu. Mama alinipa nilipoolewa, na yeye alipewa na mamake. Kwetu binti hahami, mume ndiye huja. Aje alale wapi, juani?

Jumapili, 11 Machi
Amerudi. Mbao hakuna. Ana ufunguo.
Amenunua gari. La Kitaliani, jekundu, viti viwili, la mlowezi anayerudi kwao. Katika Lamu, mji ambao punda wawili hawapishani! Alikuwa anapita tu mnadani, asema. Dalali alifungua kwa shilingi elfu moja na mia tano. Akamwona Bwana Mselemu wa Langoni, mtaa tunaoshindana nao, ameinua mkono. Basi, akili ikamruka. Watu wa Lamu waliokuwepo wakagawanyika, mtaa wetu wa Mkomani huku, Langoni kule, wakipiga makofi. Wazungu wawili waliolitaka kweli walijitoa kwenye elfu mbili na nusu. Hawa wetu wakaendelea. Elfu nne. Elfu tano. Kwenye elfu sita na mia mbili Mselemu akashusha mkono, na mume wangu akabebwa juu kama bwana harusi.
"Bi Fatuma, ningemuwata mtu wa Langoni anishinde mbee za watu?"
Hajui hata kuendesha. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Ijumaa, 16 Machi
Gari liko Mombasa kwa ndugu yangu Swalehe, na Swalehe ameleta hesabu. Kodi ya banda kila mwezi. Leseni. Bima, na bima ya gari la mbio si ya gari la watu wenye akili. Magurudumu mawili yamekwisha. Kuna chuma ndani ya injini kimepasuka. Hakipatikani Mombasa wala Nairobi, huagizwa Italia, huja kwa meli, na bei yake ni dari nzima ya Zainabu. Dereva hulipwa hata gari likisimama, na kazi yake gari hilo ni kusimama.
Bwana Athumani akasema kitu kizuri kina gharama zake. Nikamwambia hata mke. Akacheka. Mimi sikucheka.
Wanawake wa Langoni wameshatunga wimbo:
Gari lake lalala, Mombasa ndani ya banda,
Bintiye naye alala, hana dari wala kitanda.
Watoto wanauimba mpaka chini ya dirisha langu. Laana iwashukie, wao na gari.

Jumatano, 21 Machi
Mama wa bwana harusi alikuja. Akapanda ngazi, akatazama juu, akaona mbingu. Kwa adabu kabisa akasema mwanawe hana haraka, ila Mfungo Mosi haungoji mtu, na Mkomani kuna mabinti wengine wenye dari. Zainabu alikuwa nyuma ya mlango. Hajala tangu hapo.
Nimemtolea Bwana Athumani kikapu chake nje. Kanzu tatu, kofia, ufunguo wa gari juu. Nimemwambia akalale ndani ya gari. Ameenda kwa dadake.

Jumatatu, 26 Machi
Amekubali liuzwe. Dadake hajui kupika, namshukuru Mungu.
Lakini Swalehe ameuliza wanunuzi wa Mombasa. Mwenye bei ya juu anatoa elfu moja na mia tisa. Haitoshi hata boriti. Nimefikiri mchana kutwa. Gari lile halikuwahi kuwa na bei. Bei iliwekwa na Langoni.
Alasiri nikavaa buibui nikaenda harusini Langoni. Nikakaa karibu na Bi Rukia, mke wa Mselemu, nikanena kwa sauti.
"Gari yarudi mnadani. Bwana wangu ataka kuona kama Langoni kuna mwanamume, maana ile mara ya kwanza mkono ulimtetema."
Wanawake wakaguna. Bi Rukia akainamisha kichwa. Niliona, nikafurahi.

Jumamosi, 7 Aprili
Limeuzwa. Mselemu alisafiri mwenyewe. Swalehe aliweka rafiki yake wa Mkomani apandishe bei. Kupandisha bei bila nia ya kununua ni haramu, sihitaji kadhi kuniambia. Elfu tano na mia nane. Mselemu akashangiliwa mpaka njiani. Pesa zake katoa wapi sijui, wala si shauri langu. Bakari kesho anaanza. Pwagu kampata pwaguzi, na pwaguzi ni mimi.

Alhamisi, 7 Juni
Harusi imekwisha. Bwana Athumani amerudi, anakula kwangu. Zainabu na mumewe wako juu.
Bi Rukia alikuja. Katika harusi wanawake wote huja. Alipanda pole pole, akagusa ukuta, bado una unyevu.
"Mwanangu naye alikuwa aolewe mwezi huu," akaniambia. "Pesa ziliishia mnadani, hatukuwahi kujenga. Kijana wamemwoza kwengine."
Nikampa tambuu. Akala.
Alimwachia Zainabu doti ya leso, mpya, aliyokuwa amemwekea binti yake. Leo asubuhi Zainabu ameivaa. Inampendeza. Nimemwambia aivue aiweke sandukuni. Akauliza kwa nini. Nimesema itapauka.