Moldi Iliyobarikiwa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nisamehe, daftari. Tangu Leticia aanze kuota meno sijakuandikia hata mstari. Mara ya mwisho nilikuwa najisifu kwamba nimepata kazi: mtafiti wa uundaji wa bati, karakana ya Mzee Gaspari, hapa Mjimwema. Jina refu. Kazi yenyewe ni kutafuta kwa nini mifuniko ya vihenge vya mahindi inachanika. Presi inashuka, inalikandamiza bati juu ya moldi ya chuma, bati linatakiwa libonyee kama sahani. Linachanika pembeni kama chapati iliyokosa maji.

Mzee Gaspari kaniuliza hasa nilisoma nini huko chuo. Nikamwambia vyuma. Akasema basi na hiki nikisome.

Jumamosi wanakuja watu wa ushirika kutoka Madaba. Wakiona mfuniko umetoka mzima, oda ni yetu. Ukichanika, oda inakwenda Njombe, na mimi na mkataba wangu wa majaribio tunakwenda nyumbani.

Jumanne, 4 Machi
Nimebadilisha bati – limechanika. Nimepunguza nguvu ya presi – limejikunja kama sketi ya marinda. Nimeongeza – limechanika tena. Iddi, mwendesha presi, amefunga na hana nguvu ya kucheka, lakini alicheka. "Dada Esteria, mpaka Idi tutakuwa na vipande vya kuezekea choo."

Jioni Leticia kaning'ata ziwa. Nikamwambia hapana, kwa sauti ya kiinjinia. Akatabasamu na vimeno vyake viwili. Nikampa lingine.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Nimetoka kanisani na majivu usoni, nikapitisha kidole kwenye moldi. Inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kutu. Bati haliwezi kuteleza, linashikwa, linachanika. Siku zote hizi napima bati, moldi sikuigusa. Mtafiti!

Kutu imetoka wapi? Hapo nikakaa chini.

Mwezi uliopita tulibariki presi. Mzee aliagiza ing'ae. Mama mkwe naye akanionya kwamba kitu hakipelekwi mbele ya Padre kikiwa kichafu. Basi grisi yote nikaifuta mwenyewe, kwa petroli, moldi ikang'aa kama kalisi ya misa. Padre Fulgence naye mkono wake si wa kunyunyiza, ni wa kumwagilia bustani. Maji yakatuama. Hakuna aliyeyafuta. Nani afute baraka? Tukafunga mlango tukaenda kula pilau, mvua ikanyesha wiki nzima.

Nilimwambia Iddi. Akajibu, "Mambo ya maji yenu mimi simo. Ila grisi ulifuta wewe."

Kweli tupu.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee Gaspari kapata dawa. Anasema baraka ya kwanza haikushika. Jumamosi Padre abariki tena mbele ya wageni, na safari hii kwa ndoo.

Nikamweleza: Mzee, moldi ina kutu, nilifuta grisi, maji yakakaa. Akaniangalia kama nimemtukania ukoo.

"Yaani maji ya baraka ndiyo yameniharibia mashine? Kayaseme mwenyewe, Injinia. Mimi nina nafasi yangu kanisani."

Nafasi yenyewe ni kushika kipaza sauti siku za harambee.

Nyumbani mama mkwe alisonga ugali mpaka ukaiva. Kisha akasema, "Mama Leti, usiseme maji. Sema unyevu."

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda parokiani, Leticia mgongoni. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Nikasema unyevu. Padre akauliza unyevu gani, nikasema yote. Alicheka mpaka akakohoa. "Binti, kwani baraka haipenyi grisi?"

Lakini kaweka sharti: mwenye karakana ndiye aliyemwita, basi yeye ndiye amwambie maji yasiguse moldi. Hataki isemwe anapangiwa ibada. Nimemfikishia Mzee. Kajibu, "Nitaona."

Mimi na Iddi tumesugua moldi kwa msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Grisi tumeazima kikopo kwa fundi baiskeli, imetosha kupaka mara moja tu. Tukajaribu bati moja. Mfuniko mzima! Iddi kaugonga kwa kidole, ukalia kama kengele. Leticia kautafuta kwa macho, kisha akataka kuung'ata.

Kesho lazima utoke mwingine, na wageni wakiona.

Jumamosi, 8 Machi
Wageni wamekaa. Naandika nyuma ya rundo la bati, Leticia ananyonya. Mzee Gaspari kaja na ndoo mpya na taulo jeupe. Habari ya moldi hajamwambia Padre. Padre kamuuliza, "Mzee, kuna jambo ungependa kuniambia kabla sijaanza?" Mzee kasema hakuna, Baba, karibu.

Nikafungua kanga ya mgongoni, nikaitandaza juu ya moldi. "Injinia, kanga hiyo ya nini?" Ya unyevu, Mzee. Padre kang'ata mdomo. Iddi kageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Sasa wanasali. Simu inatetemeka: Wilfred, mume wangu, anauliza kutoka Dar anitumie nini kwa basi la kesho. Nimwandikie:

Msasa laini, ule mweusi.
Grisi, ndoo nzima, si kikopo.
Turubai la kufunikia presi.
Nepi za Leticia, saizi ya juu, amenenepa.
Na kanga, doti moja, nzito. Hii iliyo juu ya moldi imeanza kuloa.