Pneu ya Kumi

Naviundu, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Mwana yangu mupenzi Guelor,

Jambo sana. Uko muzima? Huku ku nyumba tuko. Dada yako Abigaël anakusalimia, kikohozi yake inapona. Mutoto yake Keren anakusalimia, anaota meno. Kaka yako Ephraïm anakusalimia, njo yeye alininunulia hii karatasi. Mama Germaine wa lupango ya jirani anakusalimia, na ile mbuzi yake ilikula soksi yako inakusalimia pia. Miye, ni magoti tu inaniuma.

Mwana yangu, tangu ulitoka na kamyo kwenda Kilwa, kila asubui, mbele ya kengele ya misa, ninasikia mu lupango, pale inje ya nyumba, muntu anagonga bapneu, mipira ya kamyo. Unakumbuka marehemu baba yako Symphorien mu kwado yake, kule alikuwa anatengeneza bapneu: nyundo ya muti, pneu kwa pneu, sikio karibu. Ile yenye upepo inalia ti. Ile inapoteza upepo inalia pu. Ninahesabu: ti mara tisa. Ya kumi, pu. Ninafungua mulango, hakuna muntu. Nyundo ya baba yako iko ku musumari yake mu chumba, lakini iko na umande.

Kamyo yako iko na bapneu kumi. Ya mwisho, nyuma, ile ya ndani, macho haiwezi kuiona, ingine inaifunika. Uigonge. Dereva Chomba, anakuja huko Kilwa, atakuletea hii barua na kamyo yake.

Mama yako


Kilwa, tarehe 7 mwezi wa tatu

Mama yangu,

Jambo kwako, kwa Abigaël, Keren, Ephraïm na Mama Germaine. Mbuzi, hapana, siisalimie. Niko muzima.

Nilisoma barua mbele ya Michée, dereva mwenzangu, akacheka: "Guelor, sasa mama yako njo mécanicien?" Nikagonga juu ya kumunyamazisha tu. Tisa ikalia ti. Ya kumi, pu. Mama, musumari murefu kama kidole! Tumetembea nayo bila upepo, hatujui tangu wapi.

Tumebandika kiraka. Kompresa ya hapa ilikufa, ingine itafika tarehe 12, tutaitia upepo siku ile ile. Patron anataka mbio. Usiogope, baba anatulinda.

Mwana yako, Guelor


Naviundu, tarehe 11 mwezi wa tatu

Guelor,

Jambo. Bote banakusalimia, leo sibataje.

Musiitie upepo! Pneu yenye ilitembea tupu, ndani inakatika. Baba yako alikuwa anaitoa, anaangalia ndani, kiisha anaifunga na munyororo, juu kama pete ya chuma ya gurudumu ikiruka, munyororo inaishika. Siku alikufa, munyororo ilikuwa chini pale. Hii sikukuambia kamwe: miye nilisimama ku mulango na kitenge yangu ya misa, nikamuita, "Symphorien, fanya mbio, tutachelewa!" Akacheka: "Ee mama, umeshinda." Akaacha munyororo, akafungua upepo kuijaza, pete ikaruka, ikamupiga.

Leo asubui nilihesabu ti mara tisa. Ya kumi hakugonga. Nilingoja mupaka kengele ikaisha. Nyundo haiko ku musumari.

Ninakuita ku telefone, ule mwanamuke wa réseau njo anajibu, anasema haupatikani. Chomba amewasha kamyo, anapiga honi. Nilitaka kuandika ufanye mbio, mukono ikakataa. Kwanza munyororo, mwana yangu. Polepole. Kiisha weye mwenyewe, na mukono yako, nijibu mbio.

Mama yako