Metroni Akipigiwa Simu

Jumapili, Oktoba 1997. Manyunyu tangu asubuhi, na Parkdale, mtaa wetu huku ughaibuni, wote umelowa.

Naogopa. Nimelisema mwanzo ili nisizunguke. Wiki hii maombi ya kusomea udaktari yanafungwa, na bado sijui niandike nini pale wanapouliza umewahi kufanya mambo gani. Kila jambo wanalitakia jina la mtu wa kulithibitisha, na namba yake ya simu.

Alhamisi nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi pale chuoni, mama mmoja mpole. Akaisoma fomu yangu, kisha akachukua penseli na kupiga mstari mwepesi juu ya kila kitu cha Tanga: divisheni ya kwanza kidato cha nne, zawadi ya Baiolojia, kiranja wa afya. Akasema kamati inayochagua wanafunzi haina haja na mambo ya sekondari, labda yawe makubwa mno, au yawe na mkia unaofika mpaka leo. Ukiyaandika wanaweza kudhani huna jipya.

Nikatazama kilichobaki. Masomo, na kazi yangu ya Jumamosi kwenye duka la dawa, ambako napanga dawa za kikohozi rafuni. Basi.

Jana nikamweleza Baba. Sikuchagua wakati vizuri, maana ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kazini kwake, ghalani Markham, na hajala. Baba alikuwa mwalimu kule nyumbani, na kwake divisheni ni kitu ambacho mtu anazikwa nacho. Mpaka leo akikutana na Mtanzania mwenzake, hata awe babu mwenye mvi, hawamalizi chai kabla hajamuuliza alipata divisheni ngapi. Vyeti vyangu kavitia nailoni, huvilaza chini ya nguo zake za Idi, na jana alivitoa akaviweka mbele yangu.

"Ukiifuta sekondari," aliniuliza, "unabaki nani?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Baba akamjibu kwamba huku hata chema kisipojitembeza kinaozea dukani. Tukacheka wote watatu, lakini woga haukutoka.

Maana Baba ameshatangaza. Tangu mwaka jana akina mama wa msikitini wananiita Daktari. Mmoja alinivulia kiatu kwenye ngazi ili nimtazame kidole. Nikikosa nafasi, sijui watarudi kuniita nani.

Leo asubuhi nikanunua kadi ya simu nikampigia Metroni. Huyu ndiye aliyekuwa akisimamia chumba cha wagonjwa shuleni kwetu, shule ya bweni ya wasichana, na mimi kiranja wa afya nilikuwa chini yake. Sasa amestaafu, anaishi kwa mwanawe. Nilitaka tu kumwomba ruhusa ya kuandika jina lake, ili kama Baba akishinda nisikwame.

Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza mimi ni nani. Nikajieleza. Kisha nikamsikia anacheka kwa raha zake.

"Wewe si yule uliyezimia?"

Ndiye mimi. Nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa tunafyeka majani nyuma ya bweni, mwenzangu akajikata mguu kwa fyekeo. Tukambeba mpaka kwa Metroni, nikapewa beseni nishike. Nikaiona damu inavyoingia kwenye maji, nikaenda chini na beseni langu. Metroni akawa na wagonjwa wawili.

Nyumbani sikumsimulia mtu. Baba alipata habari za ukiranja na zawadi tu.

Metroni akasema kamati wakimpigia atawaeleza hilo kwanza. Nikamwomba, kwa adabu zote nilizonazo, kama angeweza kuanza na zawadi. Akasema zawadi haijui, hayo ni mambo ya darasani. Yeye alichokiona ni mtoto aliyeanguka mbele ya damu, na kesho yake kabla ya kengele yuko mlangoni, macho yamemtoka, anauliza kama beseni limeoshwa.

"Bado unaogopa?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Kweli sijaanguka tena, lakini kila nikiona damu mkono wangu unatafuta ukuta. Maabarani nasimama pembeni, karibu na dirisha.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Andika namba yangu. Ila wapige baada ya Alasiri, mchana nalala. Kiingereza changu cha hospitali bado ninacho."

Nikaweka simu chini.

Kisha nikamfuata Baba sebuleni, nikamwambia yote, mpaka habari ya ukuta. Nikamwambia divisheni naifuta na zawadi naifuta. Ukiranja nauacha ubaki, kwa sababu ndio wenye mkia mpaka leo, na mkia wenyewe ni huu woga.

Nilitegemea ukali. Baba aliangalia saa, akaenda jikoni, akarudi na kile kimashine cha kupimia sukari ya Mama. Kila siku kabla ya chakula yeye ndiye anayemchoma kidole, na kila siku wakati huo mimi nina vyombo vya kuosha. Sasa akajua kwa nini. Akaniwekea mezani.

"Leo ni zamu yako."

Mama akanyoosha kidole bila kuuliza. Nilikichoma. Damu ikatoka, tone moja dogo, na masikio yangu yakaanza kuvuma. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe ukashika ukingo wa meza. Mama aliuona, akaniachia kidole chake mpaka nikamaliza.

Sikuanguka.

Namba ya Metroni nimeshaiandika, kwa kalamu ya wino. Baba amevirudisha vyeti chini ya nguo za Idi na hajaniambia kama ameridhika. Kesho naipeleka fomu posta.

Wakimpigia, najua atawaambia kwamba nilianguka. Je, watakaa kwenye simu mpaka awaambie kwamba nilirudi?