Kuiamkia Kamera

Jumatano, Nyakanazi

Goti bado linaniuma, sakafu ya mapokezi ni saruji tupu.

Fundi alikuja asubuhi kufunga kiboksi cha kamera. Kamera ni zilezile za zamani, ila sasa kiboksi kinazipeleka picha mtandaoni, na bosi wetu, Mzee Bigirwa, anaiona gesti yake kwenye simu akiwa mbali, kwake Kanazi. Shuka zinapotea, na anaamini wezi ni sisi.

Saa sita akapiga. "Yusta mwanangu, umenipita mara tatu hapo mapokezi bila kuniamkia."

Nikamwambia kamera haisikii. Akasema inaona.

Jioni akatuita wote tusimame mbele yake, yaani mbele ya kamera. Mimi na mpishi tukapiga goti kumwamkia, mlinzi akavua kofia. Mzee akatuitikia kwa simu, mmoja mmoja, na habari za watoto akauliza.

Tulipoinuka, mgeni wa chumba namba sita alikuwa ameshaondoka na godoro, kwa mlango wa nyuma usio na kamera.

Mzee amefoka sana. Lakini kusema ni sisi, leo hawezi. Godoro linatoka, yeye anatuitikia marahaba.